Umeteuliwa kusimamia washauri nasaha? Anzia hapa

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. "Nimepewa washauri watatu niwasimamie, naanzia wapi?" "Mmoja wao ni rika la mama yangu, namkosoaje?" "Tukishakaa, tunaongea nini saa nzima?" Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, hata koridoni wakati wa chai ya semina. Sasa nayaandika mahali pamoja kwa ajili yako: mshauri nasaha, mwanasaikolojia au afisa ustawi wa jamii uliyekabidhiwa wenzako bila mtu kukuonyesha kazi yenyewe inavyofanyika.

Kwanza tuelewane ni usimamizi upi. Siongelei ule wa kuja na gari, kukagua rejista, kusaini kitabu cha wageni na kuondoka. Kwenye kituo changu cha kwanza ulikuwepo huo tu. Kila robo mwaka mgeni alikuja, akapitisha kalamu nyekundu kwenye safu zilizoachwa wazi, akanywa soda, akaaga. Wakati huo nilikuwa na msichana mmoja aliyekuja kila Jumanne. Anakaa, anasokota ncha ya kanga, dakika ishirini nzima hasemi neno. Rejista yake niliijaza vizuri: tarehe, umri, jinsi, huduma iliyotolewa. Nikasifiwa. Hakuna aliyeniuliza kilichokuwa kikitokea ndani ya zile dakika ishirini, na mimi sikujua kwamba ni jambo la kumpelekea mtu. Baadaye akaacha kuja. Mpaka leo sijui kilichomsibu, na ndiyo sababu ninaichukulia kazi hii kwa uzito.

Usimamizi wa kitaalamu, ambao wengi wetu tunauita supavisheni, ni watu wa fani moja kukaa kwa ratiba na kuongelea kazi ya mmoja wao na wateja wake. Miaka ya 1980 Brigid Proctor wa Uingereza aliugawa katika majukumu matatu: kulinda viwango vya huduma, kumkuza mfanyakazi katika ujuzi, na kumtegemeza asielemewe. Nadharia ya kuanzia inatosha hapo.

Uwe na hivi kabla hujamwita mtu

- Saa moja isiyoguswa. Simu zimezimwa, mlangoni kuna kibao, na mapokezi wanajua hamgongewi.
- Chumba ambacho sauti haitoki. Majengo yetu mengi kuta za ndani hazifiki darini. Jaribu: mmoja aongee ndani kwa sauti ya kawaida, mwingine asimame nje. Akisikia hata jina, tafuta pengine. Nimewahi kufanyia vikao kwenye stoo ya vitabu, na vilikwenda vizuri.
- Daftari la usimamizi, mbali na faili la mteja, na kabati lenye kufuli.
- Orodha ya rufaa uliyoihakiki mwenyewe: afisa ustawi wa jamii wa wilaya, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, Kituo cha Mkono kwa Mkono (kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili mahali pamoja) kama hospitali ya karibu inacho, kitengo cha afya ya akili, na 116, namba ya bure ya kutoa taarifa za watoto, ambayo iko Tanzania na Kenya pia. Kila namba ipigie. Namba ya mtu aliyehamishwa miaka miwili iliyopita haitakusaidia saa kumi na moja jioni ya Ijumaa.
- Msimamizi wako wewe. Usianze bila huyu. Hata akiwa mkoa mwingine na mnaongea kwa simu mara moja kwa mwezi, awepo.

Hatua

1. Sema umekalia kiti gani

Kama wewe ndiye unayeidhinisha likizo yake na kujaza tathmini yake ya mwaka, mwambie siku ya kwanza, kwa maneno mepesi: "Mimi ni mkuu wako wa kazi, na hapa nitakuwa pia msimamizi wako wa kitaalamu. Najua inaweza kukufanya ufiche unapokosea. Tukubaliane yapi yanabaki humu." Ukinyamaza juu ya hilo, ataliwaza peke yake na kukuletea kesi zilizomwendea vizuri tu.

Njia iliyo bora, pale inapowezekana, ni kubadilishana na kituo jirani: wewe usimamie wa kwao, mwenzako awasimamie wa kwako. Haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji barua moja na wakuu wawili wanaoelewana.

2. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja

Siku, saa na mahali. Nani ataona maandishi ya kikao. Wakati wa dharura ampigie nani, na kama hapatikani, nani mwingine. Mkitofautiana, mnampelekea nani. Halafu usiri na mipaka yake, na hapa msipite haraka. Mtoto anapokuwa hatarini, usiri hauwafungi midomo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Walioko Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na fani yenyewe ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014.

Someni pamoja, sainini nyote, kila mmoja abaki na nakala.

3. Pangeni ratiba, muilinde

Mshauri mpya, au yeyote anayeshughulikia ukatili na watoto, mimi namwona kila wiki. Mzoefu, kila baada ya wiki mbili. Chini ya mara moja kwa mwezi naona mnajidanganya, kwa sababu akifika kwako kesi imeshapoa na kilichobaki kichwani mwake ni muhtasari. Mkiwa kikundi, msizidi sita, na kila kikao wawili tu ndio walete kesi.

Angalia: kikao kikiahirishwa mara mbili mfululizo, kila mmoja atakuwa ameshaelewa kwamba si muhimu, hata kama hakuna aliyesema.

4. Anza na hatari

Baada ya salamu, swali la kwanza liwe hili: "Katika wateja wako tangu tulipoonana, yuko anayekunyima usingizi?" Nyamaza, msubiri. Kama jibu linahusu mtu anayetaka kujiua, mtoto anayeumizwa, au mwanamke anayerudi usiku huu kwa mtu aliyetishia kumuua, mambo mengine yote yanasubiri. Mnapanga hatua za leo kabla ya kuinuka.

Kwenye kujiua washauri wengi huzungukazunguka. Wanaogopa kwamba wakimuuliza mteja waziwazi watamtia wazo. Sivyo. Kumuuliza mtu moja kwa moja hakumpi wazo hilo, na wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Hofu nyingine ni ya kisheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mshauri anaogopa kuandika. (Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakiuka Katiba.) Mwambie mshauri wako hivi: uhai kwanza, hospitali kwanza, na maandishi ya faili yawe ya kitabibu, mafupi na ya kweli.

5. Achague kesi moja

Wapya hukosea sana hapa. Mtu anakuja na kesi kumi na mbili, mnazipitia zote, kila moja dakika nne, na mwisho mnahisi mmefanya kazi. Mmesoma orodha. Mwambie achague moja inayomkwaza. Zilizobaki aziseme kwa sentensi mojamoja ili ujue hakuna moto unaofukuta.

Anaposimulia, jina la mteja lisitajwe. Na jihadhari: kwenye mji mdogo kuficha jina hakutoshi. "Binti wa mwalimu mkuu, yule anayeuza vitenge sokoni" ni jina tayari.

6. Dai maneno yenyewe

Kama utachukua kitu kimoja katika mwongozo huu, chukua hiki. Mshauri akileta muhtasari, usiupokee. Mrudishe chumbani.

Angalia mazungumzo haya. Ni ya kutunga, ila nimeyasikia kwa sura nyingi:

— Mteja alikuwa na mgogoro wa ndoa. Nilimpa ushauri nasaha, akaelewa.
— Nirudishe pale, dada. Aliposema mume amemtolea vitu nje, wewe ulisemaje? Neno kwa neno.
— Nilimwambia... "Vumilia mwaya, ndoa ndivyo zilivyo. Kaongee na wazee."
— Naye akasemaje?
— Akasema sawa.
— Sawa ya namna gani?
— (kimya) Alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Ona tofauti. Sentensi ya kwanza ingeingia kwenye ripoti bila shida: mteja ameshauriwa, mteja ameelewa. Nyuma yake yuko mwanamke aliyeondoka bila kuulizwa kama ana pa kulala. Hutamwona mpaka uombe maneno.

Lugha yetu imetuwekea mtego hapa. Kushauri ni kumwambia mtu la kufanya, na nasaha ni hivyohivyo. Mteja anafika akingoja kupewa la kufanya, na mshauri asipolitoa anajiona hajafanya kazi. Wengine siku hizi wanasema "unasihi", lakini ni mti uleule: neno limebadilika, mazoea hayajabadilika. Kwa hiyo fundisha sikio lako lishtuke kila linaposikia maneno haya manne: nilimshauri, nilimtia moyo, nilimwelimisha, akaelewa. Kila linapotokea, uliza taratibu: "Kwa maneno gani?"

Angalia: taratibu. Ukiuliza kama mwendesha mashtaka, wiki ijayo atakuletea mazungumzo aliyoyatunga njiani. Mimi hutangulia kukiri kwamba nami niliwahi kumwambia mfiwa "usilie, Mungu yupo", akafuta machozi kwa ajili yangu, na kilio chake akakipeleka kwingine.

7. Muulize lililompata yeye

"Aliposema hivyo, wewe ulijisikiaje?" Wengi watajibu "kawaida tu". Uliza tena kwa njia nyingine: kifua kilikuwaje, ulitazama saa, ulitamani atoke? Mshauri aliyelelewa akishuhudia mama yake akipigwa anaweza kumsukuma kila mwanamke aondoke leo leo. Aliyevumilia ndoa ngumu mpaka ikatulia anaweza kumwambia kila mmoja avumilie. Wote wawili wana nia njema, na wote wawili wameacha kumsikiliza mteja aliye mbele yao.

Mpaka ni huu: mnaongelea maisha yake kwa kadiri yanavyoingia kwenye kazi. Dakika kumi zikipita mkiwa kwenye ndoa yake, simama: "Naona hili ni zito na linastahili nafasi yake. Nikutafutie mtu wa kukusikiliza?" Usigeuke kuwa mshauri wake. Ukifanya hivyo, mteja wake hana tena wa kumsemea.

8. Igizeni

Badilisheni viti. Yeye awe mteja, wewe uwe yeye, dakika tano. Halafu yeye ajaribu. Mshauri wa yale mazungumzo ya juu akikaa upande wa mteja na kuambiwa "vumilia", anajua papo hapo. Hakuna muhadhara unaofanya kazi hiyo. Kisha tafuteni pamoja sentensi anayoweza kuisema kesho, kwa Kiswahili chake cha kila siku: "Usiku wa leo utalala wapi?" au "Niambie ilivyokuwa, sina haraka."

9. Funga kwa jambo moja na tarehe

Aseme mwenyewe atakachofanya na lini. Uandike kwenye daftari: tarehe, namba ya siri ya kesi, mlichokubaliana, hatari kama ipo na hatua iliyochukuliwa. Mistari mitano hadi minane. Usiandike hadithi ya mteja wala machozi ya mshauri. Kikao kijacho kianzie kwenye mistari hiyo.

10. Mara moja kwa miezi mitatu, mwone akifanya kazi

Masimulizi yana kikomo. Keti pembeni kwenye kikao chake kimoja, mteja akiwa ameombwa ridhaa kabla, ana uhuru wa kukataa, na anajua kwamba akikataa atahudumiwa vilevile. Ukiwa ndani usidakie, hata ulimi ukiwasha. Ongea tu kama mteja yuko hatarini.

Yanayoharibu vikao vizuri

Kundi la WhatsApp la kituo. Mtu anapiga picha ukurasa wa faili na kuandika "wapendwa, hii mnaionaje?" Sekunde hiyohiyo picha iko kwenye simu kumi na nne, nyingine zinachezewa na watoto nyumbani. Weka kwenye makubaliano: kwenye kundi ni ratiba tu. Kesi ni kwa mdomo.

Kumaliza kesi wewe mwenyewe. Mshauri anasimulia, wewe unajua jibu, unalitoa, anashukuru. Umemfanyia kile mnachokatazana kumfanyia mteja. Jizuie uulize maswali matatu kwanza.

Kusifia bila kutaja. "Umefanya vizuri" haimfundishi mtu. "Ulipokaa kimya baada ya yeye kutaja mtoto wake, ndipo aliposema lile la pili" inamfundisha.

Ukikwama

Anasema hana kesi ngumu. Mwombe alete ya kawaida kabisa, ya mwisho aliyoiona jana. Nenda nayo kwenye hatua ya 6. Ugumu mara nyingi uko humo.

Ni mkubwa kwako kwa umri. Mwamkie shikamoo, mwite mama au mzee kama kawaida yenu, kisha uliza swali lako lote bila kulikata. Heshima iko kwenye salamu na sauti, haiko kwenye kumwachia mteja aumie. Mimi husema: "Mama, wewe umeona mengi kuliko mimi. Nisaidie nielewe, uliposema vile ulikuwa unalenga nini?" Sijawahi kukataliwa kwa swali hilo, na ninalisema kwa dhati, kwa sababu kweli wanajua mengi. Ila kama kuna kosa, litaje kwa jina lake, faraghani, siku hiyohiyo.

Analia. Mwache alie. Sogeza maji, usisogeze mada. Akitulia, muulize kama anataka kuendelea au mpange siku nyingine wiki hiyohiyo. Kama analia kila kikao, halali, au amelegea kazini, ongeeni kuhusu kupunguza idadi ya wateja wake, na wewe ndiye ulifikishe hilo kwa mkuu, usimwachie.

Umegundua kosa kubwa. Amemkopa mteja pesa, ana uhusiano naye wa kimapenzi, au alijua mtoto anaumizwa akanyamaza. Hapa usiri wa kikao umefika mwisho, kama mlivyoandika kwenye makubaliano. Mwambie ana kwa ana utakachofanya kabla hujakifanya, isipokuwa kama kumwambia kutamweka mteja hatarini. Kisha mpigie msimamizi wako, fuata utaratibu wa taasisi na wa sheria, na hakikisha leo hii mteja ana mtu mwingine wa kumhudumia. Usiyamalize kifamilia.

Mkuu anataka kusoma daftari lako. Mpe tarehe za vikao, mahudhurio, na mada kwa jumla: ukatili, msiba, ufuasi wa dawa. Mwonyeshe makubaliano. Akisisitiza, omba maelekezo kwa maandishi na uyafikishe kwa msimamizi wako.

Mko mbali. Simu inafaa kuliko kutokuonana. Kila mmoja awe chumba cha peke yake, asiwe kwenye daladala wala dukani, na mkubaliane neno la kusema mtu akiingia ghafla. Sisi tulitumia "bei ya mchele". Ukiisikia, mnaongelea mchele mpaka atoke.

Hujui la kumjibu. Mwambie hujui, mwambie utamuuliza nani na lini utamrudishia, halafu umpigie siku hiyo uliyoitaja.